Nyanya katika Maji na Nyanya katika Udongo Wenye Samadi

1. Shauri la somo hili

Huenda umekwisha kusikia habari za kilimo bila udongo, ambacho wataalamu hukiita haidroponiki. Huenda umeonyeshwa picha za mabomba meupe yaliyopangwa chini ya paa la nailoni, na minyanya imesimama ndani yake bila hata punje ya udongo, matawi yamelemewa na matunda. Muuzaji wa mabomba husema kwamba njia hii huzaa mara nyingi kupita shamba, hutumia maji machache, wala haina magugu wala jembe. Kisha mkulima hurudi nyumbani, akatazama bustani yake, akaona udongo umechoka na nyanya zimenyauka. Hapo moyo huingiwa na tamaa. Ng'ombe yuko zizini. Akiuzwa, fedha zitatosha kununua mabomba, pampu, na mbolea ya kuanzia.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajamfungua ng'ombe kamba. Halikusudii kuidharau njia ya maji, maana ni njia ya kweli na ina mahali pake. Wala halikusudii kuisifu samadi kupita kiasi, maana samadi nayo ina upungufu wake. Lakusudia kukuonyesha jinsi kila njia inavyofanya kazi, inataka nini kwako kila siku, na itakudai nini siku utakapokosea. Ukiisha kuyafahamu hayo, utaamua wewe mwenyewe.

2. Mmea hula nini

Yafaa kuanza hapa, kwa sababu huu ndio msingi wa njia zote mbili. Mmea hauli udongo, wala hauli samadi. Majani huvuta hewa ya ukaa, mizizi hunywa maji, na kwa nguvu ya mwanga wa jua mmea hujitengenezea sukari yake. Zaidi ya hayo wahitaji vyakula vya namna 14 ambavyo huingia mizizini vikiwa chumvi zilizoyeyuka katika maji. Sita hutakiwa kwa wingi, navyo ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa. Nane hutakiwa kwa uchache sana, lakini kikikosekana hata kimoja mmea huugua: chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni, molibdeni, klorini na nikeli.

Naitrojeni iliyotoka katika kinyesi cha ng'ombe, na naitrojeni iliyotoka kiwandani, zikiisha kugeuka kuwa chumvi moja ile ile, mzizi hauwezi kuzitenga. Basi tofauti ya njia hizi mbili si chakula chenyewe. Tofauti ni mpishi. Katika njia ya maji, mpishi ni wewe. Mmea hupata kile tu ulichokipima na kukitia, kwa kadiri uliyokitia. Katika udongo wenye samadi, wapishi ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao katika kijiko kimoja cha udongo mwema huhesabiwa kwa mamilioni. Hao hula samadi na majani yaliyooza, na kuyageuza kuwa chumvi kidogo kidogo.

Tena udongo ni ghala. Chembe za mfinyanzi na mboji hushika chumvi na maji, na mmea huchukua kadiri ya haja yake. Maji ya bombani hayana ghala. Ulichotia leo ndicho kitakacholiwa leo. Lishike neno hili, kwa kuwa mambo mengi ya somo hili yatoka humo.

Liko hitaji jingine lisahauliwalo mara nyingi: mizizi huvuta pumzi kama sisi. Udongo ulio laini una nafasi za hewa katikati ya chembe zake. Maji yaliyotulia yana hewa chache, na yakipata joto huwa na hewa chache zaidi.

3. Njia ya maji ilikotoka

Kupanda katika maji yenye chumvi kulianza katika maabara. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1860, Julius von Sachs na Wilhelm Knop walitumia njia hiyo ili wajue mmea wahitaji chumvi zipi. Ikabaki kazi ya maabara mpaka mwaka 1929, ambapo William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alitangaza kwamba yaweza kutumiwa kwa mazao ya kuuza. Minyanya yake ilirefuka hadi futi 25, na habari zake zikaenea mbali. Watu wengi wakadhani kwamba kazi ya udongo imekwisha.

Mwaka 1938 wataalamu wawili wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walitoa habari za majaribio yao. Walipanda nyanya katika maji, katika mchanga na katika udongo mwema, wakazipa zote mwanga na matunzo yaliyo sawa. Waliona kwamba mavuno ya maji hayakuyapita mavuno ya udongo mwema kwa tofauti ya maana. Yaangalie sana maneno hayo mawili, udongo mwema. Muuzaji wa mabomba hulinganisha mabomba yake na shamba lililochoka. Hoagland na Arnon walilinganisha maji yaliyotunzwa vizuri na udongo uliotunzwa vizuri, na hilo ndilo lililo haki.

Hata hivyo njia ya maji imewafaa watu wengi. Mwaka 1945, katika kisiwa cha Ascension kilicho katikati ya bahari ya Atlantiki, askari wa Marekani walipanda mboga katika kokoto za volkano zilizonyweshwa maji ya chumvi hizi, kwa sababu kisiwa kile ni cha mawe na mboga mbichi zilikuwa mbali. Na siku hizi, kando ya Ziwa Naivasha katika Kenya, yako mashamba ya waridi yasiyotumia udongo. Mizizi hukaa katika mawe mepesi ya volkano. Katika mifano hii miwili iko sababu iliyo wazi: ama udongo haupo, ama zao lina bei kubwa ya kuweza kulipia gharama.

4. Namna tatu za kupanda bila udongo

Ya kwanza ni maji yatembeayo. Pampu huyasukuma maji yenye chumvi katika mabomba, yakapita chini ya mizizi, yakarudi katika pipa.

Ya pili ni ndoo au mfuko uliojaa kitu kisicho na chakula, kama vile mchanga mkubwa uliooshwa, mawe mepesi ya volkano, au usumba wa makumbi ya nazi. Mmea hunyweshwa maji yenye chumvi kila siku. Hii ndiyo ifaayo zaidi kwa nyanya za mkulima mdogo, kwa sababu mchanga na usumba hushika maji kwa muda. Lakini watu wa pwani waangalie: makumbi yaliyolowekwa katika maji ya bahari yamejaa chumvi ya kula, nayo huua mmea. Yaoshwe kwa maji baridi mara nyingi kabla ya kutumiwa.

Ya tatu ni maji yaliyotulia, ambayo Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliifundisha. Chombo hujazwa mara moja, na maji yanaposhuka mizizi ya juu hubaki hewani ikavuta pumzi. Haitaki pampu wala umeme. Yafaa kwa saladi na mboga nyingine za majani zinazokaa muda mfupi, lakini mnyanya mkubwa unaozaa waweza kunywa lita mbili au zaidi kwa siku moja ya jua kali, na chombo kidogo hukauka upesi.

5. Kazi ambazo njia ya maji hukudai

(a) *Chumvi.* Hapana budi kutumia mbolea iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye vyakula vyote, tena iyeyukayo kabisa. Yurea haifai, maana naitrojeni yake hungoja kugeuzwa na viumbe wa udongo, na katika maji hao ni wachache. Samadi nayo haifai kutiwa ndani ya mabomba. Huoza, hula hewa ya maji, na kuziba njia. Tena, naitreti ya kalsiamu isichanganywe ikiwa kali katika chombo kimoja na mbolea zenye salfeti au fosfeti. Hugandamana zikawa unga mweupe chini ya chombo, na mmea haupati kitu. Weka vyombo viwili, na uvichanganye katika maji mengi tu.

(b) *Ukali wa maji.* Kiko kipimo kidogo chenye betri kionyeshacho wingi wa chumvi. Kwa mnyanya unaozaa, kipimo kiwe kati ya milisimensi 2 na 4 kwa sentimita. Kwa miche kiwe chini ya hapo. Siku ya jua kali mmea hunywa maji kupita chumvi, na maji yanayobaki huwa makali. Usiongeze mbolea siku hiyo. Ongeza maji matupu.

(c) *Uchachu.* Kipimo cha uchachu, kiitwacho pH, kiwe kati ya 5.5 na 6.5. Kikizidi hapo, chuma na vyakula vingine huwa vimo majini lakini mmea hauwezi kuvichukua, na majani machanga hugeuka manjano.

(d) *Hewa na mwendo.* Mabomba yakikosa maji mchana wa jua, mizizi hukauka kwa muda wa saa chache. Umeme ukikatika saa sita mchana nawe uko sokoni, waweza kurudi jioni ukakuta kazi ya miezi miwili imelala chini. Mwenye mabomba ni lazima awe na mtu wa kukaa karibu, na namna ya pili ya kuyasukuma maji.

(e) *Usafi.* Ugonjwa ukiingia katika maji yatembeayo hufikia kila mmea unaokunywa humo. Mikono, visu na mapipa vioshwe, na pipa lifunikwe lisipate mwanga, maana mwanga huotesha ukoga wa kijani.

(f) *Maji yenyewe.* Kabla hujanunua kitu, peleka maji ya kisima chako yakapimwe. Maji yaliyo na chumvi tangu kisimani hayafai kwa kazi hii.

6. Njia ya udongo wenye samadi

Wala usidhani kwamba njia hii ni ya watu wasiojua. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, watu wengi hukaa mahali padogo tangu zamani. Walijifunza kufunga ng'ombe mahali pamoja na kuwakatia majani, kukusanya samadi yao na kuitia shambani, na kupanda marejea katikati ya uwele ili yafukiwe yawe mbolea. Huko Mbinga, Wamatengo huyalaza majani waliyoyafyeka kwa mistari inayokatana, kisha huchimba shimo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo wa shimo. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta, majani huoza chini yake, na mashimo huyazuia maji ya mvua yasichukue udongo mlimani.

Huko India, katika mji wa Indore, Albert Howard alifanya kazi kati ya miaka 1924 na 1931, akaipanga vizuri namna ya kutengeneza mboji kwa takataka za shamba na samadi. Mwezi wa Februari mwaka 1933 njia hiyo ilianza kutumiwa katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, na kutoka huko habari zake zikaenea katika mashamba mengine.

7. Kutunza samadi na kutengeneza mboji

Samadi iliyotandazwa uani, ikapigwa na jua na kunyeshewa na mvua, hupoteza nguvu yake. Naitrojeni huruka hewani, na chumvi nyingine huchukuliwa na maji. Ilundike pamoja chini ya paa au chini ya majani ya migomba. Mtandikie ng'ombe majani makavu, ili yanyonye mkojo, maana mkojo una naitrojeni na potasiamu kwa wingi. Mtu anayeuacha mkojo upotee ametupa sehemu kubwa ya mbolea yake.

Mboji hutengenezwa hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli, karibu na zizi na karibu na maji. Lainisha ardhi kwa upana wa mita moja na nusu.
2. Weka kwanza mabua makubwa, ili hewa ipite chini.
3. Weka majani mabichi na makavu yaliyochanganywa, kimo cha sentimita 20. Juu yake samadi, kimo cha sentimita 5. Kisha nyunyiza udongo wa juu na majivu kidogo. Mwagia maji, mpaka yawe kama kitambaa kilichokamuliwa.
4. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kimo cha mita moja na robo. Lifunike kwa nyasi.
5. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inakwenda. Kikiwa kikavu, tia maji. Kikiwa baridi na kunuka, maji yamezidi. Ligeuze lundo lipate hewa.
6. Geuza lundo baada ya majuma matatu, na mara ya pili baada ya majuma mengine matatu. Yaliyokuwa nje yaingie ndani. Kwa kadiri ya miezi mitatu mboji itakuwa nyeusi, laini, na yenye harufu ya udongo wa msituni.

Usitie ndani yake minyanya iliyokufa kwa ugonjwa, wala nailoni, wala mavi ya mbwa au ya watu.

Kwa nyanya, tia debe moja la mboji kwa kila mita nne za mraba, uichanganye na udongo wa juu kabla ya kupanda. Samadi mbichi isitiwe; huunguza mizizi, na yaweza kuleta vijidudu vya maradhi katika matunda yanayogusa ardhi. Baada ya kupanda, funika ardhi kwa nyasi kavu, na unyweshe kwa kipimo kile kile kila mara. Mnyanya unaopata maji leo na kukauka kesho huoza kitako cha tunda, kwa sababu kalsiamu haifiki tundani. Ugonjwa huo hutokea katika njia zote mbili, na dawa yake ya kwanza ni kunywesha bila kukatiza.

8. Upungufu wa samadi

Samadi si bure. Hudai mgongo wako, maana ni nzito kubeba na mboji hutaka kugeuzwa. Tena hutoa chakula polepole; shamba lililochoka kwa miaka mingi halitapona kwa msimu mmoja. Na ng'ombe aliyechungwa katika ardhi maskini hutoa samadi maskini. Ardhi yako ikikosa fosforasi, majani yake nayo huikosa, na mboji haiwezi kukipa shamba kitu ambacho haikukipata. Hapo hapana aibu kuongeza mbolea kidogo ya dukani, baada ya kupima udongo.

Wala samadi haiponyi kila ugonjwa. Mnyanya wako ukinyauka ghafula ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitumbukize kidogo katika bilauri ya maji safi, na ungoje dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya maji, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea huo na uuchome. Usipande hapo nyanya, viazi mviringo, biringanya wala pilipili kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au vitunguu. Na ukiona mizizi ina vinundu vinundu, hao ni minyoo ya mizizi, nao pia hupunguzwa kwa kubadili mazao.

9. Kulinganisha

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitoa hesabu ya saladi iliyopandwa kwa njia mbili katika nchi ile kame. Walikadiria kwamba mita moja ya mraba katika banda la maji hutoa kadiri ya kilo 41 kwa mwaka, na shambani kadiri ya kilo 4. Kila kilo moja ya banda ilitumia kadiri ya lita 20 za maji, na ya shamba lita 250. Hadi hapo muuzaji wa mabomba amesema kweli. Lakini watafiti hao hao walikadiria kwamba kila kilo ya banda ilitumia nguvu za umeme na moto mara 82 kupita kilo ya shamba, hasa kwa kulipasha banda joto na kulipoza. Basi aliyeokoa maji amelipa kwa njia nyingine. Hapa kwetu huenda huna haja ya kupasha banda joto. Lakini pampu, nailoni ichakaayo kwa jua, na mbolea inunuliwayo kila mwezi, zitabaki juu yako.

Tulinganishe kwa ufupi.

*Mavuno.* Maji hushinda udongo uliochoka. Udongo mwema, mahali palipo na mwanga na nafasi sawa, hukaribiana na maji.

*Maji.* Mabomba yanayorudisha maji hutumia machache. Udongo wenye mboji na kufunikwa nyasi hutumia mengi kuliko hayo, lakini machache kuliko udongo mtupu.

*Fedha.* Njia ya maji hutaka fedha mwanzoni na kila mwezi. Njia ya samadi hutaka kazi ya mikono na subira.

*Makosa.* Kosa katika maji huonekana kwa saa au siku chache. Kosa katika udongo huonekana kwa majuma, nawe una nafasi ya kulirekebisha.

*Kinachobaki.* Baada ya miaka mitano, mabomba yamechakaa na yataka kununuliwa tena. Baada ya miaka mitano ya mboji, udongo ni bora kuliko ulivyoanza, na watoto wako wataurithi.

10. Nani afuate njia ipi

Njia ya maji yamfaa mtu asiye na ardhi, kama mkaaji wa mjini mwenye ua wa saruji. Na mtu ambaye udongo wake umeshikwa na mnyauko wa bakteria naye hana mahali pengine pa kupanda. Na mtu mwenye mnunuzi wa hakika, maji safi, na umeme usiokatika ovyo. Hata hao yawapasa kuanza kwa ndoo, si kwa banda.

Mtu mwenye ardhi, mwenye ng'ombe au mbuzi au kuku, na mwenye mikono, yafaa kwanza auponye udongo wake. Akimwuza ng'ombe ili anunue mabomba, atakuwa ameuza maziwa, ndama na mbolea kwa pamoja. Na siku pampu itakapovunjika, atarudi kwenye ardhi ile ile iliyochoka, naye hana tena kitu cha kuiponya.

11. Jaribio la ndoo tatu

Usiamini maneno matupu, hata ya somo hili. Fanya jaribio.

Chukua ndoo tatu za lita 20, uzitoboe chini, uzijaze mchanga mkubwa uliooshwa vizuri au usumba ulioondolewa chumvi. Panda mche mmoja katika kila ndoo, na unyweshe kila siku kwa mbolea ya njia ya maji, kwa kipimo kilichoandikwa katika mfuko wake, mpaka maji machache yatoke chini. Siku hiyo hiyo panda miche mitatu ya mbegu ile ile katika tuta lililotiwa mboji, ukiwa na nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche. Yote sita ipate jua sawa, na isimamishwe kwa vijiti.

Katika daftari andika mambo manne kwa kila upande: fedha ulizotoa, maji uliyotumia kwa lita, muda wa kazi yako, na kilo za nyanya ulizovuna. Mwishoni gawa fedha kwa kilo, ujue kila kilo imekugharimu nini. Ukiweza, rudia katika majira mengine, maana kiangazi na masika havifanani. Hesabu ya daftari lako, katika ardhi yako na kwa maji yako, ni bora kuliko hesabu ya mtu mwingine yeyote.

12. Mambo ya kukumbuka

Mmea hula chumvi zilizoyeyuka; katika maji mpishi ni wewe, katika udongo wapishi ni viumbe wa udongo.

Udongo una ghala, mabomba hayana.

Linganisha maji yaliyotunzwa na udongo uliotunzwa, si na udongo uliochoka.

Samadi iwekwe chini ya paa, na mkojo usipotee.

Njia ya maji ianze kwa ndoo tatu. Ng'ombe abaki zizini.

13. Maswali ya kujipima

1. Kwa nini samadi isitiwe katika mabomba ya maji?
2. Utafanya nini ikiwa maji ya ndoo yamekuwa makali siku ya jua?
3. Utajuaje kama mnyanya umenyauka kwa bakteria au kwa kukosa maji?
4. Hoagland na Arnon waliona nini walipolinganisha maji na udongo mwema?
5. Ng'ombe wako mmoja hukupa vitu gani kwa mwaka? Viandike vyote, ukianza na samadi, kisha useme kama bei ya mabomba inavitosha.